Breki Hazikukataa
Sehemu ya Saba

Wiki hii mmenikomesha. Kinyozi wangu alininyoa upande mmoja, akazima mashine, akasema hamalizi mpaka nimwambie yule mwanamke aliyeingia ofisini ameshika nini mkononi. Nikamwambia asubiri gazeti kama wenzake. Nimezunguka mjini na kichwa cha nusu mpaka jioni, kwa hiyo tusipotezeane muda.

Kwa aliyedandia njiani, sikiliza haraka. Mstari ni dereva wa lori la saruji. Jina hilo alipewa kazini kwa sababu miaka kumi na tisa hajawahi kutoka nje ya mstari wake barabarani, na picha yake imebandikwa getini ili wengine waige. Alhamisi, mchana kweupe, alimgonga mama mmoja mshonaji kwenye kona ya machimbo na lori likaishia mtaroni. Alipoulizwa akasema breki zilikataa.

Sasa breki ni kazi ya fundi. Na fundi wa lori lile ni Spana, mdogo wake mke wa Mstari, tumbo moja.

Leo ni Jumatatu. Meneja amewaita wote ofisini, na mkaguzi wa ajali kutoka polisi yupo, mama mfupi asiyecheka ovyo. Maelezo yameandikwa. Mstari ameshika kalamu, ncha imeshagusa karatasi, akisaini tu shemeji yake anaondoka na pingu. Ndipo mlango ukafunguliwa bila hodi, akaingia Mama Pacha, mkewe, na simu mkononi.

"Usisaini," alisema.

Kalamu ikasimama.

"Mama, hapa kuna kikao," Meneja alisema.

"Nakiona. Namwomba mume wangu dakika mbili."

"Kuna msiba?"

"Ya nyumbani."

Spana alimtazama dada yake kwa macho mekundu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na kabati la mafaili, mikono imebanwa katikati ya magoti, mafuta ya gari bado yamo kwenye kucha. Hakuwa amelala tangu Alhamisi.

Mkaguzi aliangalia saa ya ukutani. "Dakika mbili. Kalamu iache mezani."

Wakatoka mpaka kwenye ukumbi mwembamba unaoelekea gereji, palipopangwa matairi ya zamani mpaka darini. Mama Pacha alibonyeza simu, akaiinua mpaka karibu na sikio la mumewe.

Ikatoka sauti ya Mstari mwenyewe, imechangamka, na nyuma yake injini inanguruma.

"Wazee wa kazi, wazee wa kazi! Kona ya machimbo leo pamechafuka, trafiki wamejaa kama siafu, tochi ya kupima mwendo wameificha nyuma ya kichaka. Punguzeni mpaka hamsini, muwape salamu zao, mkishapita kanyageni..." Halafu akaigiza sauti nzito ya askari. "Dereva! Shuka chini! Leseni yako ina picha ya nani, mbona huyu kwenye picha ana shingo?" Akacheka. Akacheka sana. Katikati ya kicheko ikasikika "Mama w—" na kishindo, na bati likikwaruza mawe, na baada ya hapo injini peke yake.

Mnaelewa? Alikuwa anawaambia wenzake wapunguze mwendo. Mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine umeshika simu, macho yako kwenye simu. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye themanini na tano.

Mstari aliegemea matairi.

"Umeipata wapi?"

"Hilo ndilo swali lako la kwanza?"

"Mama Pacha..."

"Mke wa Ngamia kanitumia. Ngamia aliitoa kwenye kundi lenu la madereva, akamrushia mkewe hata kabla hajaisikiliza mpaka mwisho, eti acheke kidogo, Mstari anavyomuigiza trafiki. Mwanamke wa watu kacheka, kacheka, kafika pale mwisho, chakula kikamshinda. Siku nne amekaa nayo. Leo asubuhi kaja kwangu analia."

"Niliifuta."

"Kwenye kundi uliifuta. Kwa mke wa Ngamia ungeifutaje?"

Mstari alitazama mlango wa ofisi.

"Mko madereva sitini na wawili kwenye kundi lile," Mama Pacha aliendelea, polepole sasa, na upole huo ndio uliomtisha mumewe. "Wapo walioisikia. Na jana wamekuja nyumbani kwangu kunipa pole. Wamekaa kwenye viti vyangu, wamekunywa chai yangu, wakamtukana mdogo wangu kwa ubovu wa breki. Na wewe ulikuwa hapo unawapitishia sukari!"

Kweli alikuwa anawapitishia sukari. Madereva wana sheria yao, na haijaandikwa popote: dereva hamchomi dereva. Ukimwona mwenzako amesinzia kwenye usukani unampigia honi, humpigii polisi. Sheria hiyo imewaokoa wengi wasifukuzwe kazi. Imewaua wangapi, hakuna anayehesabu.

"Nitafungwa," Mstari alisema.

"Na Spana je? Kwake jela ni kwa mjomba?"

"Sikukusudia kumtaja yeye. Nilisema breki tu. Neno lilinitoka."

"Lilikutoka Alhamisi. Ijumaa ulikuwa na mdomo. Jumamosi ulikuwa na mdomo. Jana umekaa naye meza moja, umemwambia 'pole shemeji, Mungu yupo'. Baba Pacha, ulimtaja Mungu!"

Machozi yakamtoka Mstari. Mnaojua kumcheka mwanamume anayelia, mchekeni, lakini mimi nimewahi kuandika ujumbe nikiendesha gari na watoto wangu wamo kiti cha nyuma. Nilifika salama, ndiyo. Ndiyo maana naandika hadithi na sisimuliwi.

"Mbona hukusema mle ndani?" aliuliza. "Ulikuwa nayo mkononi."

Mama Pacha alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Kwa sababu nikisema mimi, utakuwa umekamatwa. Ukisema wewe, utakuwa umesema. Nina watoto wawili wataniuliza siku moja baba alifanya nini, na nataka niwe na cha kuwajibu. Yule mdogo wangu nimembeba mgongoni mama yetu alipofariki, nilikuwa na miaka kumi na moja. Wewe ni mume wangu. Usinilazimishe kuchagua, maana sijui nitachagua nani, na likija hilo usinilaumu."

Akaenda kukaa kwenye benchi chini ya dirisha la ofisi.

"Dirisha liko wazi," alisema. "Masikio ninayo."

Mstari alirudi ndani. Alikuwa ameamua, msimsingizie. Alikaa, akasogeza ile karatasi kando, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

"Ni mimi," alisema Spana.

Wote wakageuka.

Kijana alikuwa amesimama. "Msimchoshe shemeji. Breki zilikataa kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyemvunja yule mama."

"Kaa chini, Spana," Mstari alisema haraka.

"Sikai! Siku nne nimekaa!" Akamgeukia Mkaguzi. "Afande, uliniuliza kama Alhamisi asubuhi niliingia chini ya lori kukagua. Nikasema ndiyo. Nilidanganya. Sikuingia Alhamisi, wala Jumatano, wala Jumanne."

"Fomu ya Alhamisi ina saini yako," Mkaguzi alisema.

"Nimeisaini Jumatatu iliyopita."

Meneja akakohoa. Mkaguzi hakukohoa. "Hebu nieleze."

Spana akaeleza. Sheria ya kampuni inasema lori halitoki getini mpaka fundi ameingia chini, amekagua breki, amesaini fomu ya siku. Lakini malori yanatoka kabla hakujapambazuka, na fundi yuko mmoja kwa malori kumi na manne. Akiingia chini ya kila moja, la mwisho litatoka saa nne. Basi kila Jumatatu fundi anaingia chini mara moja, anasaini fomu sita za wiki nzima, na dereva anazibana juu ya kioo cha mbele. Kila siku anachomoa moja, anamwonyesha mlinzi, huyoo, ameondoka.

"Malori yote?" Mkaguzi aliuliza.

"Yote, afande."

"Nani alianzisha utaratibu huo?"

Spana alimtazama shemeji yake nusu sekunde, kisha akaangalia sakafu. "Sikumbuki."

Alikumbuka vizuri sana. Alianzisha Mstari. Mwaka juzi, akiwa na haraka, alimshika kijana bega: "Shemeji, weka saini zote leo, mimi breki zangu nazijua kuliko mke wangu." Wakacheka. Wiki iliyofuata kila dereva akataka hivyohivyo.

"Ningeingia chini Alhamisi ningeliona tatizo," Spana alisema, sauti inamkatika. "Nikifumba macho namwona yule mama. Sijawahi kumwona, namtengeneza tu kichwani. Nikamateni jamani, nipumzike."

Hapo ndipo uongo wa Mstari ulipopata mahali pa kuota. Alikuwa ameutupa tu Alhamisi, apate pa kujificha, kumbe kijana wa watu alikuwa na dhambi yake ndogo imelala, ikaamka, ikaupokea.

Meneja alivuta kiti mbele. Uso ulikuwa umemng'aa kama wa mtu aliyepona jino. "Basi, mwenyewe amekiri. Afande, nadhani hatuna haja ya kumsumbua dereva. Picha yake iko getini, mtu mwenye rekodi safi..."

"Subiri," Mkaguzi alisema. "Nimelikagua lori. Bomba la upepo wa breki limekatika. Lakini lile lori limeingia mtaroni na kukwaruza mawe mita ishirini. Siwezi kujua bomba lilikatika kabla ya ajali au lilikatwa na mawe." Akamgeukia Mstari. "Kwa hiyo limebaki neno lako. Uliposhika breki, ilikuwaje?"

Nje, chini ya dirisha, benchi lililia kidogo, mtu amesogea.

Mstari aliiona njia, jamani, msiseme hakuiona. Ilikuwa imefunguliwa mbele yake, pana, na hakuna aliyekuwa anamsukuma. Kijana amejibebesha mwenyewe. Meneja anataka hivyo. Aseme tu maneno matatu: "Zilikuwa laini, afande." Jioni anakula na watoto wake.

"Breki hazikukataa," alisema.

"Unasemaje?"

"Hazikukataa. Sikuzishika. Mguu wangu haukufika kwenye breki kabisa."

Meneja aliinua mkono. "Mzee, ajali huwa inachanganya kichwa. Labda tukupe siku ya kupumzika..."

"Muache aseme," Mkaguzi alisema.

"Afande, mtu huyu hajalala..."

"Na wewe muache aseme, au nikuulize wewe habari za fomu sita?"

Meneja akagundua kuna jambo la kusoma kwenye meza yake.

Mstari akasema. Alisema akiangalia mikono yake. Alikuwa anarekodi ujumbe wa sauti kuwaonya wenzake juu ya tochi. Akaona wachache wameanza kuchekea ujumbe wake wa kabla ya huo, akanogewa, akataka kuwaongezea utani. Kona ikaja. Akainua macho, akaona kitenge cha kijani. Alikata usukani badala ya kushika breki. Basi.

Mama Pacha akaingia, akaweka simu katikati ya meza, akabonyeza. Wakaisikiliza yote. Ilipofika kwenye kicheko Mkaguzi alifumba macho, na ilipofika kwenye kishindo hakuyafumbua mara moja.

Spana ndiye wa kwanza kusogea. Alitembea mpaka mbele ya shemeji yake. Mstari alisimama, akangoja ngumi. Aliitaka ile ngumi.

"Siku nne," Spana alisema.

"Nisamehe, shemeji."

"Jana umeniambia nile. Umenimegea mkate kwa mkono wako. Nikajiambia, yaani nimemwaga damu ya mtu na shemeji bado ananipenda! Nikalia chooni kwa ajili ya wema wako."

"Nisamehe."

"Usiniite shemeji. Tafuta jina lingine."

Akapita, akafungua mlango. Dada yake alimshika mkono wa shati, Spana akauchomoa taratibu, akatoka.

"Usiende mbali," Mkaguzi alimwambia akiwa tayari ukumbini. "Saini za Jumatatu tutaziongelea." Kisha akafunua ukurasa mpya. "Dereva. Kuna lingine?"

Hapa naomba msimame na mimi kidogo, wasomaji wangu, maana wengi mnajiandaa kumpigia makofi. Msipige bado. Kuna kitu hakukisema.

Lori liliposimama mtaroni Mstari hakuwa na hata mchubuko. Kupitia kioo cha pembeni alimwona yule mama amelala kwenye changarawe, na alikuwa anasogeza mkono. Barabara ilikuwa tupu, wale askari walikuwa upande wa pili wa kona, nusu kilomita. Na simu ilikuwa imeangukia chini ya kiti ikiwa bado inarekodi, na lori lilipotulia ikajigonga, ikajituma yenyewe kwa kundi zima.

Aliinama akaitafuta. Akaufuta ujumbe, futa kwa wote. Akaona watu kumi na saba wameshausikia. Akaandika: "Futeni. Nawaomba futeni wote." Akasubiri. Ngamia akajibu: "Tumefuta kaka, vipi, uko mzima?" Akaandika: "Mzima. Breki zimekataa." Ndiyo, hapo ndipo breki zilipokataa kwa mara ya kwanza, kwenye simu, kwa herufi.

Ndipo akafungua mlango, akashuka.

"Hapana, afande," alisema Mstari. "Hakuna lingine."

Alishakiri kubwa, alijiambia. Hilo dogo linamsaidia nani?

Simu ya Mkaguzi ikalia. Alisikiliza, akasema ndiyo, akasema tunakuja. Akafunga daftari.

"Mshonaji ameruhusiwa kuongea," alisema. "Walimfanyia upasuaji juzi. Na anaomba kumwona dereva."

"Kuniona mimi?"

"Amekutaja: 'yule dereva aliyenifunga.' Twende wote, na maelezo yake nayahitaji."

Mama Pacha hakuulizwa. Aliingia kiti cha nyuma cha gari la Mkaguzi, akakaa mbali na mumewe, mkoba umewekwa katikati yao. Mkaguzi aliendesha mwenyewe. Njiani simu yake ililia mara tatu mfululizo. Mstari aliikodolea macho, inatikisika karibu na gia, jina la mtu linawaka. Mkaguzi hakuigusa.

"Si ya haraka hiyo?" Mama Pacha aliuliza.

"Ni mume wangu. Kila siku ni ya haraka." Akapinda kona taratibu, mikono yote miwili kwenye usukani.

Wodi ilikuwa na vitanda nane na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Mshonaji alikuwa kitanda cha dirishani. Mama wa makamo, mwembamba, nywele zimesukwa vizuri upande mmoja na upande mwingine zimevurugika. Mguu wa kulia ulikuwa kwenye plasta mpaka pajani. Shuka upande wa kushoto lilikuwa limelala bapa kuanzia gotini.

Mstari aliliona shuka lile, akasimama katikati ya njia. Muuguzi akamgonga na kitoroli cha dawa, akamwomba radhi, Mstari hakusikia.

"Ndiye wewe?" mshonaji aliuliza.

"Ndiye mimi, mama."

"Sogea nikuone. Hujaumia?"

"Sijaumia."

"Afadhali. Walinikata juzi. Usiliangalie shuka hilo, hata mimi siliangalii, nikiliangalia naanza kufikiria cherehani yangu ya miguu." Akajaribu kutabasamu, midomo imekauka. "Nilikuita nikushukuru."

Mstari alishika ukingo wa kitanda.

"Usinishukuru, mama. Nimekugonga mimi. Hazikuwa breki. Nilikuwa nachezea simu. Nimeshasema polisi, afande huyu hapa."

Mshonaji alimtazama Mkaguzi, kisha Mstari, muda mrefu kidogo. Chozi likatoka jicho moja, likaingia sikioni kwa sababu alikuwa amelala chali.

"Simu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Sasa hilo ni gumu. Breki ningezisamehe leo. Simu nipe muda." Akajifuta sikio. "Lakini kushukuru nashukuru. Shati lako ulilichana, ukanifunga paja, ukakaza mpaka nikapiga kelele. Daktari anasema bila kufungwa vile ningekwisha palepale. Na ulikuwa unalia, unaniambia usilale, usilale. Mtu mbaya angekimbia."

Mama Pacha, aliyekuwa amesimama hatua mbili nyuma, alisogea. Kwa mara ya kwanza siku ile aliweka mkono kwenye bega la mumewe. Mkono mwepesi tu, lakini Mstari aliuhisi mpaka kwenye visigino. Akafikiri, labda yameisha. Labda mtu anaweza kusema kweli nusu, na bado mkono ukarudi begani.

"Kuna kitu kimoja tu nataka kukijua," mshonaji alisema. "Daktari ameniambia mguu ulikuwa umeshakwenda tangu lori liliponipitia, kwa hiyo sikulaumu kwa hilo. Nataka kujua tu, maana usiku mzima nalifikiria hilohilo."

"Uliza, mama."

"Mimi nikiumwa nahesabu. Ni mazoea ya kazi, unahesabu mishono ili kitambaa kisiharibike. Nilipolala pale nilikuona kwenye kioo cha lori. Nikakuita. Wewe ukaniona, tukatazamana, macho kwa macho. Halafu ukainama, nikaona utosi wako tu. Nikaanza kuhesabu."

Mkaguzi alifungua daftari bila kelele.

"Nilifika mia mbili na arobaini na mbili kabla hujafungua mlango," mshonaji alisema. "Ulikuwa unafanya nini, baba?"

Mkono begani ukawa mzito. Mama Pacha alikuwa anajua kuwa ujumbe ulifutwa. Hakuwa amewahi kujiuliza ulifutwa saa ngapi. Alijiuliza sasa, na Mstari alihisi vidole vikifunguka kimoja kimoja.

"Nilikuwa naandika, mama," alisema Mstari.

"Unaandika?"

"Kwenye simu."

Mshonaji alishusha pumzi ndefu, na uso wake wote ukalegea. Alinyoosha mkono juu ya shuka, akaushika mkono wa Mstari.

"Ulikuwa unaniitia gari la wagonjwa," alisema. "Eti baba? Ndiyo ulikuwa unaita?"

Alikuwa amemkazia macho, na ilionekana wazi jibu alilokuwa anaomba apewe.